A ya Mama Kelele

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na paa la maabara limeanza kuvuja pale pale lilipovuja mwaka jana, juu ya mashine ya kuzungushia damu. Nimeisogeza mashine. Mwaka jana pia niliisogeza, nikaandika na barua ya kuomba fundi. Nadhani barua ipo kwenye faili fulani, kavu kabisa.

Mama Kelele amekuja. Jina tulimpachika sisi wa maabara, kwa sababu akiwa bado kwenye ngazi ya chini sisi wa juu tunajua amefika. Ni mama wa kambo wa binti mmoja fundi cherehani, miaka ishirini na tisa, ambaye figo zake zote mbili zimekufa na anaishi kwa mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Mwaka jana, mwezi wa nne, huyu mama alijitolea kumpa figo moja. Lakini binti ni kundi O na mama ni kundi A, na damu ya O ina kingamwili zinazoishambulia A popote zinapoikuta. Kazi yangu ni kupima ukali wa hizo kingamwili. Nayazimua maji ya damu ya mgonjwa nusu kwa nusu, mrija hadi mrija, natia chembe nyekundu za A katika kila mrija, kisha naangalia ni wapi zinaacha kushikana; zikiendelea kushikana hadi mirija ya mbali, kingamwili ni kali. Za binti zilifika moja kwa mia na ishirini na nane. Hospitali yetu inaruhusu mwisho moja kwa kumi na sita, na mashine ya kuchuja kingamwili hatuna. Jibu likawa hapana.

Tangu hapo, kila Jumatatu, akishamlaza binti kwenye mashine anapanda kuja kuniuliza swali lile lile: "Mwanangu, mmepima tena?" Nami namjibu jibu lile lile. Leo nina sampuli arobaini, ndoo chini ya paa, na mtu dirishani anahutubia. Amenikera kweli.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Sampuli thelathini na moja. Ndoo mbili.

Jumatatu, 11 Machi

Mama Kelele tena, amelowa hadi magotini. Safari hii hakuuliza kama tumepima. Aliegemeza viwiko dirishani akasema, "Nimechoka kuuliza, sasa nakwambia. Nimeshachangia damu mara sita. Dada wa benki ya damu aliniambia A yangu ni dhaifu, alirudia kupima mara mbili ndipo akaiona vizuri. Hilo nililisema hapa hapa mwaka jana."

"Mama, mimi hukuniambia."

"Nilikwambia wewe. Ukanijibu, 'Mama, A ni A, damu haina unyonge.' Ukacheka na mwenzako."

Akaondoka taratibu, bila kelele. Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Ningependa sana kusema amenisingizia. Lakini "damu haina unyonge" ni mimi mtupu, ndivyo ninavyoongea.

Jumanne, 12 Machi

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Leo nilifika mapema nikatoa kitabu changu cha chuoni. Lipo, ukurasa mzima: A si moja. Watu wengi wa kundi A wana A ya kwanza. Wachache wana A ya pili, ambayo chembe zake zimebeba alama chache sana za A, na kwenye kipimo cha kawaida huonekana kama zinasitasita. Figo ya mtu wa A ya pili nayo ina alama chache. Mara nyingine kingamwili za O haziigusi sana, na mgonjwa anaweza kuipokea bila kuchujwa chochote. Hili nililisoma, nikafanyia mtihani, nikafaulu.

Sasa, sisi tunapima na chembe gani? Za chupa. Zinaletwa tayari, na zote ni A ya kwanza. Kwa hiyo mwaka jana sikupima kama damu ya binti inaikataa damu ya mama yake. Nilipima kama inaikataa chupa!

Kutofautisha A ya kwanza na ya pili kunahitaji dawa moja, maji yanayotengenezwa kwa mbegu za mmea wa jamii ya kunde, ambayo hushikanisha chembe za A ya kwanza na kuziacha za A ya pili. Nikashuka stoo nikiwa na hakika hatuna. Mtunza stoo, mzee wetu mcheshi anayehesabu siku za kustaafu kwenye kalenda ya ukutani, akafungua friji akanitolea kichupa.

"Hiki? Kilikuja mwaka juzi na mzigo mwingine. Nikamuuliza Mkuu wako, akasema kiache hapo, hatukitumii. Nimekilea kama mtoto wa kwangu. Muda wake unaisha Juni."

Hakijafunguliwa. Mwaka juzi! Binti wa watu anachomwa sindano nene mkononi mara tatu kila wiki, na kichupa kimekaa kwenye friji ghorofa ya chini, hatua themanini kutoka kitanda chake.

Nikarudi juu kutafuta faili lake. Nilitaka kuona ni mzembe gani aliyepima. Fomu ya tarehe 17 Aprili mwaka jana. Sehemu ya "Taarifa za ziada kutoka kwa mtoaji" iko tupu. Chini yake, saini ya mpimaji. Ni yangu, na ule mkia mrefu ninaojivunia.

Sikula mchana.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwendea Mkuu wa maabara. Ni mtu nadhifu, kalamu tatu mfukoni, kila moja na rangi yake, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Nikamweleza yote, pamoja na saini yangu.

Akaichukua fomu, akaigeuza mbele na nyuma. "Hicho kipimo unachotaka, kisanduku chake kiko wapi?"

"Hakipo, bosi."

"Basi ukipata jibu utaliandika wapi?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Akaniambia tumepima kwa utaratibu huu miaka kumi na miwili na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekufa kwa kupewa figo isiyofaa.

"Na waliokufa kwa kunyimwa inayofaa?"

"Hao hawakufa mikononi mwetu," akasema, akanirudishia fomu kwa upole, kama anamrudishia mtoto daftari.

Jumapili, 17 Machi

Mume wangu ananiuliza nani kanikosea. Nimemwambia fomu. Akasema basi iombe msamaha yaishe. Sikucheka, akaenda kucheka peke yake jikoni.

Jumatatu, 18 Machi

Nimepima.

Nilimsubiri Mama Kelele juu ya ngazi. Nikamwambia, "Mama, ulisema kweli. Nilikosea mimi. Naomba mkono wako." Nilijiandaa kwa mvua ya maneno. Akakunja tu mkono wa gauni akasema, "Chukua wa kushoto, una mshipa mzuri."

Nikachukua damu yake, kisha nikajitoa na yangu, maana mimi pia ni A. Vigae viwili vyeupe, tone kwa tone, na maji ya kile kichupa. Yangu ikashikana papo hapo, vibonge vyekundu kama mchanga uliomwagiwa maji. Yake ikabaki laini. Nikakiinamisha kigae huku na huku, nikahesabu dakika. Laini. A ya pili.

Kisha nikayapanga maji ya damu ya binti kwenye mirija, safari hii kwa chembe za mama mwenyewe. Moja kwa mbili zimeshikana. Moja kwa nne zimeshikana. Moja kwa nane, kidogo sana. Moja kwa kumi na sita, hakuna. Nikarudia upya kuanzia mwanzo. Nikarudia tena.

Moja kwa nane. Chini ya mpaka wetu wenyewe.

Mama Kelele alikuwa amekaa kwenye benchi la korido. Nilipomwambia akauliza, "Kwa hiyo mwaka jana ilikuwa hivi hivi?"

"Sijui kwa hakika, mama. Ila nadhani ndiyo."

"Mwaka jana alikuwa bado anashona," akasema. "Sasa vidole vinatetemeka, hatungi hata uzi kwenye sindano. Mwaka jana alikuwa anashona." Akavaa kiatu alichokuwa amekivua, akashuka.

Nilimpelekea majibu daktari wa figo, kwenye karatasi nyeupe isiyo na kisanduku. Akasoma, akavua miwani, akakaa. "Mwaka mzima," akasema. Akataka kipimo kirudiwe kila Jumatatu, aone kama kinatulia, kisha apeleke jambo kwenye kamati.

Jumatatu, 25 Machi

Moja kwa nane. Mvua kubwa, umeme umekatika mara mbili.

Jumatatu, 1 Aprili

Moja kwa nane.

Mchana kamati ya upandikizaji ilikaa na nikaitwa kueleza kipimo. Nilieleza, wakaelewa haraka kuliko nilivyotegemea. Kisha wakamwita Mama Kelele, na hapo ndipo niliposikia aibu kwa niaba ya watu wazima sita.

"Wewe si mama yake mzazi," mmoja akasema. "Si ndugu yake wa damu. Kamati lazima ijue unapata nini katika jambo hili."

"Nipate nini?"

"Ndiyo. Kwa nini mtu atoe figo kwa mtoto asiye wake?"

Mama Kelele akawaangalia mmoja mmoja. Alikuwa amevaa viatu vya kufunga na kitambaa kipya kichwani, kama anakwenda kuposa.

"Nilimkuta ana miaka mitano, ana surua. Siku ya kwanza naingia nyumba ile alinitapikia. Nikamwosha, nikajiosha, nikabaki. Baba yake amefariki, mimi bado nipo. Ningempiga huyu mtoto, ningemnyima chakula, hakuna kati yenu ambaye angeniita kwenye meza hii. Nimetaka kumpa figo, ndiyo mmeniita nijieleze." Sauti yake ilikuwa imejaa chumba. "Mnauliza napata nini. Napata usingizi. Andikeni hivyo, kama fomu yenu ina nafasi."

 Wamepanga upasuaji tarehe 22, ikiwa kipimo kitabaki kilipo.

Na huyu ndiye mtu ambaye mimi, kwa mwaka mzima, nilikuwa nikisikia hatua zake naingia chumba cha ndani.

Jumatatu, 8 Aprili

Umeme haukuwepo tangu jana. Nilikuwa zamu ya mchana, kwa hiyo sampuli ya binti ilipimwa asubuhi kabla sijafika. Saa nane daktari wa figo akanipigia, sauti imekufa. "Imepanda. Moja kwa mia na ishirini na nane. Kamati imefuta tarehe."

 Kingamwili hupanda, mtu akiumwa mafua tu zinaweza kupanda. Lakini kutoka nane hadi mia na ishirini na nane, na ile namba ya mwaka jana kabisa, bila hata kukosea mrija mmoja? Nikaenda kwenye jaa la mirija iliyotumika, nikavaa glavu nikachambua. Lebo ya chembe zilizotumika haikuwa ya Mama Kelele. Ilikuwa ya chupa.

Mpimaji wa asubuhi akaniambia kwa woga, "Mkuu alisema nifuate utaratibu."

Nikaingia kwa Mkuu bila kubisha hodi. "Umemfutia mtu upasuaji!"

"Nimefuata fomu. Jibu linalokwenda kwenye kamati lazima litoke kwenye utaratibu uliosainiwa."

"Huo utaratibu unapima chupa, bosi! Chupa haimpi mtu figo! Nenda chini ukamwambie binti kwamba damu yake imegombana na chupa!"

Watu walisimama koridoni. Mimi ambaye humcheka Mama Kelele kwa sauti yake, leo nimesikika hadi kwa mtunza stoo.

Jumatano, 10 Aprili

Daktari wa figo hakutaka maneno. Aliagiza vipimo viwili kwa wakati mmoja, mbele ya wote: maji yale yale ya damu ya binti, safu moja kwa chembe za chupa, safu nyingine kwa chembe mbichi za mama yake. Nikapanga mirija. Msomaji, akasema, awe Mkuu mwenyewe.

Nilisema moyoni, tumekwisha.

Mkuu akavua koti, akakunja mikono ya shati. Sijamwona akisoma mirija miaka mingi, nilikuwa nimesahau kwamba aliyenifundisha kuisoma ni yeye. Akauinua mmoja mmoja mbele ya taa, akautikisa kwa kidole, taratibu, bila haraka hata chembe. Safu ya kwanza: "Moja kwa mia na ishirini na nane." Safu ya pili akaikazia macho kwa muda. Akaurudia mrija wa tatu na wa nne. Mvua ilikuwa inapiga madirisha.

"Moja kwa nane," akasema.

Akachukua kalamu nyekundu, akaliandika jibu pembeni mwa fomu, mahali pasipo na kisanduku, akasaini. Kisha akavaa koti lake akatoka. Bado nina hasira naye. Lakini kumwita mwongo siwezi tena. Alichokiona alikisema.

Tarehe imerudishwa.

Jumatatu, 15 Aprili

Moja kwa nane. Fundi wa paa amekuja, ametazama, ameondoka.

Jumatatu, 22 Aprili

Wameingia saa mbili asubuhi. Saa tisa kasoro muuguzi wa chumba cha upasuaji alipiga simu maabara, neno moja tu: "Mkojo."

Figo imetoa mkojo mezani pale pale. Nimejifungia chooni nikalia kama mjinga.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimemtembelea Mama Kelele wodini. Ananong'ona, kidonda kinamvuta akiongea. Nikamtania, "Mama, wamekutoa na sauti?"

"Nimeiweka akiba," akasema. "Kuna watu bado wataisikia." Hakusema ni akina nani.

Binti yuko chumba cha pili, amevimba uso kwa dawa, anatabasamu. Ameniomba sindano na uzi ajaribu vidole. Nikamwambia sindano za hapa hazishoni.

Jumatatu, 6 Mei

Kwenye ubao wa matangazo kuna picha ya Mkuu na kamati, na maandishi: "Maabara yetu yaanzisha mbinu mpya." Mpya! Nilifundishwa chuoni kabla sijaolewa.

Sikukasirikia picha. Nimekasirikia neno "mpya", kwa sababu linafunga mlango wa nyuma. Kama mbinu ni mpya, basi jana hakuna aliyekosea. Nikachukua daftari la majibu la miaka mitatu na kuhesabu wagonjwa wa O waliokataliwa watoaji wao wa kundi A kwa kipimo chetu cha chupa. Ukimtoa Mama Kelele, ni kumi na tisa. Majibu kumi na moja yana saini yangu.

Nilimpelekea Mkuu orodha. Akaisoma yote. "Waliopita wamepita," akasema. "Utawatia watu uchungu bure." Daktari wa figo akasema, "Wapigie."

Alhamisi, 9 Mei

Simu siku mbili. Watano hawapatikani. Wanane watakuja kupimwa upya. Watano wagonjwa wao wamefariki, na ndugu walinisikiliza, wakashukuru kwa ubaridi, wakakata.

Wa kumi na tisa hakukata. Ni fundi vioo, alitaka kumpa figo dada yake mkubwa. Dada alifariki Januari.

"Kwa hiyo yangu ingefaa?" akauliza.

"Sijui, kaka. Figo za watu wengi wa A hazifai."

"Unaweza kujua?"

Tunayahifadhi maji ya damu ya kila mgonjwa kwenye friji la barafu miaka miwili. Ya dada yake yapo. Nikasema, naweza.

"Nakuja Jumatatu."

Jumatatu, 13 Mei

Alikuja na mikono yenye makovu madogo madogo ya vioo. Nilimwuliza mara tatu kama ana hakika, nikamwambia jibu halitarudisha mtu. Akakunja shati.

Damu yake ikabaki laini kwenye kigae. Nikapanga mirija na maji ya damu ya dada yake. Moja kwa nne. Hakuna zaidi.

Ningeweza kusema nimeshindwa kusoma. Nililifikiria hilo, sitadanganya humu daftarini. Kisha nikamwambia. "Ingefaa kupelekwa kamatini. Kipimo chetu kilikosea. Kilichokupima wewe mwaka juzi nilikisaini mimi."

Nilingoja anipige. Akainama akalia, nami nikasimama tu na mrija mkononi. Alipoinua uso akasema jambo ambalo sikulitegemea kabisa.

"Nyumbani wanasema niliogopa kisu. Kwamba nilimwomba daktari aseme haifai. Msibani mama yangu aliniambia nisishike jeneza. Chakula ninachompelekea hali, anawapa majirani." Akajifuta kwa kiwiko. "Hayo uliyosema, niandikie. Na saini yako. Na muhuri."

Majibu ya mtu asiye na mgonjwa hayatolewi. Najua, na Mkuu anajua, na fundi vioo hajui.

Nikaandika. Kwamba alifika kwa hiari yake mwaka juzi. Kwamba hakukataa hatua yoyote. Kwamba damu yake ilifaa kufikiriwa na maabara hii haikuipima ipasavyo. Nikasaini, nikapiga muhuri. Akaisoma kwa sauti ya chini, akiifuatisha kwa kidole, akaiweka ndani ya shati, si mfukoni.

Ijumaa, 17 Mei

Barua kutoka kwa Mkuu, nakala kwa utawala: nieleze kwa maandishi, ndani ya saa arobaini na nane, kwa nini nimetoa majibu "yasiyo na manufaa kwa mgonjwa yeyote" na kuiweka hospitali mahali pabaya.

Mume wangu alisema niandike kwa adabu na kwa urefu, nieleze mazingira. Nimeandika kurasa nne, nimezichana. Leo kabla ya kutoka kazini nimemwekea mezani hii:

"Nilimpima kwa sababu aliomba. Mwaka juzi aliomba pia, na sikumpima sawasawa. Mama yake bado hai, naye ana haki ya kujua mwanawe hakuogopa. Orodha ya wengine kumi na wanane nimeiambatanisha hapa. Naomba zamu ya ziada ili nimalize kuwapima."